Nani Aliyekusifia Kitabu Hiki?

Pyo Geum-dan alikuwa na mkono mwepesi, na sisemi hivyo kwa kumsingizia. Kibanda changu cha vitabu vya shule kilikuwa ubavuni mwa kibanda chake cha vitabu vilivyokwisha kusomwa, katika ule uchochoro wa vitabu unaopanda mlima hapa Busan, na alinipiga mara nyingi kuliko alivyonipiga mama yangu mzazi. Mwanafunzi akichana ukurasa, kofi. Mlevi akikojolea ukuta wake, fagio la mgongo. Kuna bwana mmoja mwenye tai alisimama mlangoni akamsimulia mwenzake mwisho wa riwaya ambayo Geum-dan alikuwa katikati ya kuisoma. Alimtandika na kamusi. Bwana yule akashuka mlima akiwa ameshika pua, damu ikidondokea tai, na Geum-dan akamfuata kwa sauti: "Rudi ununue kamusi yako, umeichafua!"

Lakini ukimwambia unataka kitu cha kusoma, mtu yule yule anakuwa mwingine. Anakutazama juu mpaka chini, anakuuliza umelala vipi, umegombana na nani, halafu anachomoa vitabu viwili, kimoja hadithi na kimoja cha mambo ya kweli, anavifunga pamoja kwa kamba ya katani, fundo moja la haraka kwa vidole vitatu. Hakuuza kimojakimoja. "Cha uongo kikupeleke, cha kweli kikurudishe," alikuwa anasema. Ukikataa kimoja, unanyimwa vyote.

Jumapili mchana tulikuwa tunafunga mlango wa bati na kukaa ndani, wanne tu. Geum-dan mwenyewe. Mimi, Jong-pil. Mwalimu Noh wa sekondari, mwembamba, ambaye aliamini kitabu kisicho na mapenzi ni karatasi tupu. Na Sun-nim, binti wa kiwanda cha viatu, ambaye vidole vyake vilinuka gundi na hakutaka kusikia habari za hadithi. Kila mmoja alikuja kusifia kitabu chake, na tulisifia kama watu wanaogombea shamba. Siku moja Mwalimu Noh alimrushia Sun-nim birika la chai ya shayiri kwa sababu alisema mashujaa wa riwaya hawajui bei ya mchele.

"We mwalimu, una kichaa?" Sun-nim alipiga kelele, nywele zikichuruzika chai.

"Umemtukana mpenzi wangu!"

"Mpenzi wako yuko ukurasa wa arobaini na ameshakufa kwa kifua kikuu!"

Geum-dan akamchapa kofi Sun-nim kwa kumwaga mwisho, kisha akamchapa mwalimu kwa sababu ya birika. Tulicheka mpaka mbavu zikauma. Tulidhani tunajua kupigana.

Zilikuwa enzi za utawala wa majenerali. Kulikuwa na vitabu ambavyo ukikutwa navyo unaona cha mtema kuni. Kimoja kilikuwa na jalada la kijivu, bila jina nje. Kilieleza jinsi wakulima wa milimani walivyokataa kutoa mchele wao, na jinsi askari walivyopita kijiji baada ya kijiji wakiwaua. Kilikuwa na majina yao. Geum-dan ndiye aliyekileta. Alikisifia kwa Sun-nim kwanza, kwa sauti ya chini, jambo ambalo halikuwa kawaida yake, kisha Sun-nim akakisifia kwa mwalimu. Tulikisoma kwa zamu majira yote ya baridi, na hakuna aliyeuliza amekipata wapi.

Sasa, kwetu mtu akimaliza kitabu kizito, zinapikwa keki za mchele. Mababu walifanya hivyo, watoto shuleni walifanyiwa hivyo. Unga wa mchele unakandwa, unaachwa uwazi tumboni, unajazwa ufuta na asali, ili kichwa cha msomaji nacho kijae. Sun-nim alizipika. Na keki za mchele haziliwi ndani peke yenu, hilo haliwezekani. Lazima sahani ziende kwa majirani. Hatukujiuliza hata mara moja. Watu wazima wanne, tuliosoma kwa kujificha miezi mitatu, tulitoka nje mchana kweupe na sahani mikononi.

Sahani ya kwanza Geum-dan aliipeleka mwenyewe kwa Mama Man-ho, nyumba ya juu kidogo. Bibi huyo alikuwa mjane, mdogo wa umbo, mpole. Mwanawe Man-ho alikuwa mpelelezi wa polisi.

Man-ho akarudi kula chakula cha mchana, akaona keki. "Nani anaoa?"

"Haoi mtu," mama yake akamjibu. "Wale wa vitabu kule chini wamemaliza kitabu chao."

Mpelelezi akaitafuna keki taratibu, akajiuliza ni kitabu gani ambacho watu wazima, muuza vitabu na mwalimu, wanakipikia keki kama watoto wa darasa la kwanza.

Jumapili iliyofuata mlango wa bati ulikunjwa kwa teke, Man-ho na askari wenzake wakaingia. Mwalimu Noh alipigwa na kitako cha bunduki sikioni kabla hajasimama. Mimi nilivutwa kwa nywele juu ya ngazi za mawe. Geum-dan alimng'ata mmoja wao mkono mpaka akalia, wakamwangusha na kumkanyaga tumboni, na Man-ho akiwa amesimama kando anapekua rafu. Kitabu cha kijivu alikikuta chini ya mto wa kukalia, bado kina joto.

Walituweka chumba kimoja, kila mtu kwenye kiti chake, tusikie vizuri vilio vya wenzetu. Swali lilikuwa moja tu. "Nani aliyekusifia kitabu hiki?" Hebu fikirieni. Swali lile lile ambalo sisi tulikuwa tunaulizana kwa furaha kila Jumapili, sasa linaulizwa kwa rungu. Kila jina lingeleta jina lingine, na mkuu wao, mtu mnene aliyekaa kwenye kona akivuta sigara, alitaka kufika mwisho wa kamba.

Mwalimu Noh alivumilia maji puani mara nyingi kuliko nilivyomdhania, kisha akasema ni Sun-nim. Sun-nim walimpiga nyayo za miguu mpaka zikapasuka, akasema ni Geum-dan. Wote wawili walikuwa wanalia.

"Msilie," Geum-dan akawaambia, mdomo umevimba. "Mmesema kweli. Mwalimu, futa kamasi."

Mimi sikuwa na jina jipya la kutoa, nilikuwa nimesomewa na Geum-dan mwenyewe, lakini walinipiga vilevile, kwa kunogesha.

Basi kamba ikaishia kwake. Man-ho akamsogelea. "Haya, mama. Na wewe alikusifia nani?"

"Mimi ndiye ninayesifia vitabu uchochoro huu. Sisifiwi na mtu."

Akampiga ngumi ya shavu. "Nani?"

"Wewe ungefaa kuanza na hadithi fupi. Akili yako haitafika mbali."

Nilimwomba kimyakimya anyamaze. Man-ho aliushika mkono wake wa kulia, akauingiza kwenye droo ya meza, akaisukuma droo kwa goti. Nilisikia vidole vikivunjika. Nilijikojolea, naona haya kidogo tu kusema, kwa sababu yeyote angejikojolea. Akaifungua, akauliza tena, akaisukuma tena. Geum-dan alinguruma, akatapika juu ya viatu vya Man-ho, lakini hakumwaga mtama. Nilimchukia Man-ho siku ile kwa chuki ambayo haijapoa mpaka leo.

Sikujua anamficha nani. Nilidhani ni ndugu, au mwanaharakati fulani. Kumbe kitabu kilitoka nyumbani kwa Man-ho.

Vitabu alivyowanyang'anya watu vilitakiwa kuchomwa moto. Yeye alivirundika kwenye magunia chini ya ngazi za nyumba yake, akawa anaviuza kwa kilo kwa mnunuzi wa karatasi chakavu. Mama yake, mjane asiye na la kufanya jioni, alikuwa anafungua magunia na kusoma. Alisoma kila kitu. Siku moja akashuka kwa Geum-dan na kile cha kijivu kimefungwa ndani ya kitambaa cha kubebea kabichi, akamwambia: "Mdogo wangu, soma hiki. Kijiji changu kimo." Geum-dan alijua kwamba akimtaja bibi huyo, atakalishwa kiti kilekile tulichokalia, na mifupa ya umri ule haiungi.

Zikapita siku chache za namna hiyo. Mama Man-ho akawa anamuuliza mwanawe wale watu wataachiwa lini, na yeye, akila supu yake, akamwambia bila kufikiri: "Kile kikongwe kikishasema nani alimsifia kitabu, tumemaliza. Kimebakiza vidole vya mkono mmoja."

Asubuhi yake bibi alikuja kituoni. Askari wa mlangoni walimpisha wakijua amemletea mwanawe chakula. Alikuwa amebeba sahani yetu. Sahani ya jirani hairudishwi tupu, kwa hiyo alikuwa ameijaza matunda ya persimoni yaliyokaushwa. Aliingia chumbani, akatuona, akauona mkono wa Geum-dan uliovimba na kuwa mweusi. Akaiweka sahani mezani juu ya damu.

"Mwanangu," akasema, "unayemtafuta ni mimi. Mimi ndiye niliyemsifia."

"Mama, toka nje."

"Msimsikilize!" Geum-dan alipiga kelele na kile kilichobaki cha sauti yake. "Bibi huyu hajui kusoma! Hajui a wala be! Anazeeka vibaya!"

Man-ho akaidaka kauli hiyo. "Ni kweli, mkuu. Mama hajui kusoma. Hajawahi kwenda shule."

Mkuu akazima sigara. Akakichukua kitabu cha kijivu, akampa bibi. "Basi soma, mama. Tuone."

Njia ya kutokea ilikuwa wazi. Angekigeuza juu chini tu, angekodoa macho, angecheka kijinga, na angerudi nyumbani. Geum-dan alikuwa anamtikisia kichwa, machozi yanamtoka: usisome, dada, usisome. Bibi alimtazama yeye, kisha ule mkono. Kitabu kilifunguka chenyewe, kwa jinsi ukurasa ule ulivyokuwa umezoea kufunguliwa.

Akasoma, kwa sauti ya mtu aliyesoma maisha yake yote. "Katika kijiji cha Sotgol waliuawa hawa wafuatao." Akayasoma majina, hakuruka hata moja. "Gwak Chun-bo, miaka kumi na saba, alipigwa risasi mgongoni akiwa amebeba mbegu za mpunga." Hapo akakifunga. "Huyu ni mdogo wangu. Mjomba wako, Man-ho. Nilikuambia alikufa kwa surua, ili ukue bila woga. Nami nimekulea ukawa hivi."

Mkuu akauliza kwa upole kabisa, "Kitabu umekipata wapi, mama?"

"Kwenye magunia ya mwanangu, chini ya ngazi. Yako mengi. Anauza kwa kilo."

Mkuu aliinuka akampiga Man-ho kofi, halafu ngumi, na alipoanguka akampiga mateke ya mbavu na ya uso, pale pale chini ya meza yenye droo. Hakuacha mpaka alipochoka yeye mwenyewe. Mama yake alisimama akitazama, mikono imeshika ukingo wa meza. Sikumwonea huruma Man-ho. Bibi nilimwonea.

Mkuu hangeweza kuandika popote kwamba kamba ya kitabu haramu imeishia kituoni kwake mwenyewe. Tulitolewa mlango wa nyuma kabla ya jioni, tukaambiwa tukifungua mdomo tutazikwa. Man-ho akafukuzwa kazi bila maelezo. Sikio moja la Mwalimu Noh halikusikia tena. Sun-nim alitembea kwa kuchechemea mpaka kiangazi, na kiwandani hawakumtaka. Tuliendelea kukutana Jumapili. Tulipomaliza kitabu tulipika keki, na sahani ya kwanza ikaenda nyumba ile ile.

Majenerali wakaja kuondoka. Siku moja Man-ho akasimama mbele ya kibanda cha Geum-dan, pua imepinda, koti la kuazima. Nilichukua fimbo ya kufungulia pazia la duka, nikasogea.

"Mama amepofuka," akasema, akitazama chini. "Anataka nimsomee. Amesema nije kwako, wewe ndiye unayejua anachopenda."

Geum-dan akachukua kamusi na mkono wa kushoto, akampiga nayo usoni kwa nguvu zote. Pua ikafumuka damu. Hakukwepa. Akampiga tena. Kisha akaiweka chini, akahema, akamuuliza, "Analala vizuri?"

"Halali."

Akachomoa riwaya moja, akachomoa na kile cha kijivu, toleo jipya, sasa kinauzwa hadharani. Akaviweka pamoja juu ya meza na kumsukumia kamba ya katani. Mkono wake wa kulia aliuweka kando ya vitabu, vile vidole vilivyounga vibaya, kila kimoja upande wake.

"Hivi haviwezi tena kufunga fundo," akamwambia. "Funga mwenyewe."

Man-ho akafunga, damu ikidondokea majalada. Fundo likafunguka. Geum-dan akamwambia afunge tena.