Hajira Aliyewasemea Wapiganaji

Kwenye kibanda umiza cha Bakili, filamu za zamani za kung fu sasa zinaonyeshwa bila mtafsiri, na wale wanawake wenye mapanga wanapigana kwa Kichina kitupu. Kwa miaka tisa Hajira ndiye aliyewasemea kwa Kiswahili kwenye maiki. Kichina hakukijua, lakini mama lishe wa Kariakoo walifunga masufuria mapema ili wamsikie.

Siku moja wanaume walilalamika kwamba wanawake anaowasemea wanawapa wake zao kiburi, Bakili akamwinamia Hajira huku filamu ikiendelea.

“Huyu mwanamke amwombe mumewe radhi.”

“Mzee, kashapiga watu kumi na wanne. Radhi ya nini?”

“Aombe, au acha maiki.”

Hajira akaiacha maiki mezani. Sasa anauza viatu vya mitumba Mchikichini.