Foleni ya Mihogo

Juzi, nikipita mji wa ugenini, niliona foleni ya wapiga kura, nikasikia tena harufu ya mihogo ya kukaanga.

Mwalimu Ochwo alikuwa amemkimbia dikteta, akatembea peku kutoka Jinja mpaka kwetu Malaba, ng'ambo ya mto wa mpakani. Mama alimpa chumba. Alasiri ile redio iliposema dikteta ameanguka, wakimbizi wenzake Mwalimu walimkamata uani kwetu kijana waliyemshuku kuwa askari wa dikteta.

"Mimi fundi wa baiskeli tu, ssebo," kijana alilia.

"Sisi si kama yule mkubwa wao," Mwalimu alisema. "Tupige kura. Wa kumwachilia, hapa kwangu. Wa kumuua, pale jikoni."

Jikoni Mama alikuwa akikaanga mihogo. Foleni ilipojaa huko, nilidhani ni ya chakula, nikasimama nyuma na sahani yangu. Mama akanivuta kwa sikio.

Mwalimu alibaki peke yake. Alihesabu watu bila haraka.

"Pole, ndugu yangu. Wengi wameamua."

Wakamvua kijana viatu, wakampeleka mtoni. Nilidhani anakwenda kuoga.

Asubuhi Mwalimu alivuka daraja kurudi kwao moja kwa moja, amevaa viatu.