Nani Alimtia Mamba Majini

Fundi mmoja wa redio hapa Mikelenge ana ordinateri, kompyuta ndogo aliyoifunga kwenye televisheni. Amejiandikia mchezo ndani yake: mtumbwi unavuka mto Lualaba, mamba anaumeza. Jumamosi nilicheza, nikamezwa mara tano. Mama mmoja, mkulima wa mpunga kutoka Kibombo aliyekuja kuchukua redio yake, alikuwa akitutazama, mikono kiunoni.

“Iyo mamba, njo nani alimutia mu maji?”

“Ni mie, mama. Niliandika mustari ya kumuleta.”

“Basi umufute.”

Fundi akakuna kichwa, akafuta mstari, mtumbwi ukavuka. Mama akapiga makofi, kisha akanyoosha kidole. “Na mupiga kasia iko peke yake? Tia muntu wa kuchota maji yenye inaingia mu mutumbwi!” Akatiwa.

Jumatatu nilikwenda ofisi moja kutafuta muhuri. Karani akanituma dirisha la pili, la pili likanirudisha kwake. Nikamwita mwananchi, kama serikali inavyotaka, nikamuuliza kwa upole: “Citoyen, iyo dirisha ya pili, njo nani aliitia?”

Akanitazama. Akaitazama picha ya Mkubwa, rais wetu, ukutani, akautazama mlango. Kisha akacheka chinichini, akanigongea muhuri upesi.