Uzi Usiooza

Mshipi ule wa kuvulia samaki niliununua mimi mwenyewe kule Nkome, kando ya ziwa, nilipokwenda kumzika shangazi yangu. Ilikuwa mwanzoni mwa miaka ya themanini, na hospitali yetu ya upande wa Geita ilikuwa imeishiwa karibu kila kitu: sabuni, spiriti, glavu, hata uzi wa kushonea wagonjwa. Tuliouzoea ulitengenezwa kwa utumbo wa kondoo, na ulijiyeyukia wenyewe mwilini. Stoo haukuwapo tena. Daktari wetu akaniambia, "Nesi, ukifika ziwani niletee mshipi wa nailoni, ule mwembamba." Nikauleta. Nikaukata vipande, nikauchemsha pamoja na visu na mikasi, tukashonea watu matumbo.

Wengi walipona. Mmoja hakupona.

Alikuwa mama wa makamo, mkulima wa pamba kutoka upande wa Ushirombo. Ndugu zake walimleta wamembeba kitandani, utumbo umejisokota. Tulimwokoa. Ngozi ilifunga vizuri, nikamtoa nyuzi za nje, akaenda kwake. Baada ya miezi mitatu akarudi na tundu dogo chini ya kitovu, linatoa usaha.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Kuna kitu kinanichoma humu."

Niliingiza koleo ndogo, nikavuta. Kikatoka kifundo cha mshipi, kigumu, kinang'aa vilevile kama siku nilipokinunua. Akakitazama.

"Hiki mlinitia nyinyi?"

"Ndiyo, mama. Ndicho kilichoshikilia tumbo lisifumuke."

"Mbona hakiozi?"

Nilimsafisha, nikamfunga bandeji, akaondoka.

Alirudi tena, na tena. Tundu lilifunga, kisha likapasuka pengine. Siku moja aliniambia, akitazama ukuta, kwamba mumewe amehamia nyumba ndogo kwa sababu ya harufu. Wakati huo tulikuwa manesi wawili kwa wodi tatu, na wachimbaji wa dhahabu walikuwa wakiletwa kila siku na miguu iliyopondwa na mawe. Nilichoka hadi nikamchoka hata yeye. Nilipomwona kwenye benchi nilijifanya sijamwona, nikaanza na wengine.

Ndipo akaja daktari mgeni wa upasuaji, aliyekaa nasi wiki mbili. Sandukuni alikuwa na pakiti chache za uzi mpya wa kiwandani, unaoyeyuka mwilini polepole. Nilimwomba mbili kabla hajavua koti.

"Za nani?"

"Za mama mmoja."

Nikamweleza habari ya mshipi, yote, nikingoja kukaripiwa. Alisema tu, "Mlitumia mlichokuwa nacho. Mleteni."

Siku ya upasuaji nilishika sinia, yeye akatoa vifundo kimoja baada ya kingine, mpaka vikaisha. Alipoanza kushona kwa uzi wake akawa anazungumza. Huko kwao, alisema, wako wataalamu wanaofuga bakteria. Wakilishwa sukari nyingi, bakteria hao hujiwekea akiba mwilini, kama kondoo anavyoweka mafuta mkiani. Akiba hiyo ikitolewa na kukaushwa ni plastiki, na plastiki hiyo mwili unaweza kuila taratibu hadi iishe.

"Na huu uzi ni wa bakteria?" nikauliza.

"Huu hapana. Ule bado wanaujaribu."

Nilikuwa nimesimama tangu alfajiri, miguu imevimba. Maisha yangu yote ya kazi nilikuwa nikichemsha na kusugua ili kuwaua bakteria, na bado walinishinda. Sasa naambiwa kuna watu wanawalisha sukari, nasi sukari ya chai hatuna.

"Wakipungukiwa," nikasema, "waje wodi ya wanaume. Tunao wa kutosha."

Akacheka. Mimi sikuwa natania sana.

Mama yule alikaa nasi wiki tatu. Siku ya kuondoka, nilipokuwa nikimfungia vitu vyake, alinishika mkono.

"Mayu, ulikuwa unanikwepa."

Mayu kwa Kisukuma ni mama. Ndivyo alivyoniita tangu alipopata nafuu.

"Ndiyo," nikasema. "Nisamehe."

"Nilijua. Hata mimi ningeweza kujikwepa, ningejikwepa."

Akaondoka. Kwa miezi mingi kila asubuhi nililitupia jicho benchi lile kwa hofu kabla sijavaa aproni. Hakuwapo.

Alikuja mwaka uliofuata, msimu wa kupalilia, akimleta mkwewe kujifungua. Alinikuta ukumbini, nimebeba ndoo. Hakusalimu. Alichukua mkono wangu mmoja, akaubana juu ya kanga yake, chini ya kitovu.

"Gusa."

Nikagusa. Pakavu, palaini.

"Mume wako je?"

"Amerudi. Anakoroma kama zamani."

Nilitaka kukaa naye kidogo, lakini mkwewe alikuwa ameshaanza kulia kwa uchungu. Nikaweka ndoo chini, nikampokea.