Uunsi Ndani ya Maabara

Nimefundisha kemia katika shule ya wasichana hapa Garissa kwa miaka inayotosha kuvunja kila kinachovunjika. Mirija, chupa za asidi, kipimajoto nilichokikalia mwenyewe mbele ya darasa zima. Hayo yote yanasameheka. Lile la kromatografu sijalisamehe, na anayestahili kuombwa msamaha hajui kwamba kuna la kuombewa.

Mashine hiyo ililetwa na watu wa mradi kutoka Nairobi. Haikuzidi sanduku la viatu. Kazi yake ni kutenganisha mchanganyiko: unadunga tone dogo la kimiminika, mashine inaligeuza kuwa mvuke, hewa inausukuma mvuke huo ndani ya mrija mwembamba uliojikunja mara nyingi, na kila kitu kinatokea upande wa pili kwa zamu yake. Chepesi hutangulia na kizito hufuata, kama mbuzi wanaotolewa zizini kwa mlango mmoja. Kwenye kompyuta unaona mstari ulionyooka, kisha vilima. Kila kilima ni kitu kimoja. Ukiujua wakati wa kilima, umejua kilichokuwamo ndani ya tone.

Walituachia kwa muhula mmoja. Mwisho wa muhula wangerudi, na mwanafunzi mmoja aiendeshe mbele yao kuanzia mwanzo hadi mwisho. Akifaulu, wangemlipia karo hadi amalize kidato cha nne. Mwanafunzi mmoja, sindano moja. Nilisema siku ile ile kwamba huo si mtihani, ni bahati nasibu, lakini nilisemea katika chumba cha walimu ambako maneno hayamfikii mtu.

Nilijua atakuwa nani. Alikuwa kidato cha pili, ametoka Takaba, msichana mrefu asiyependa kusemeshwa asubuhi. Baba yake alikuwa marehemu. Ukame ulikuwa umemaliza mbuzi wa nyumba yao, na adeer yake, yaani ndugu wa baba yake, alikuwa ameshafika ofisini mara mbili kueleza kwa adabu kwamba hana tena uwezo. Huko Takaba mama mdogo wa msichana alikuwa na duka na alihitaji mtu wa kukaa nalo. "Hao watu wa mashine wakimchukua, abaki," adeer aliniambia. "Wasipomchukua, nitakuja shule ikifungwa." Hakuwa mtu mbaya. Ingekuwa rahisi kwangu angekuwa mbaya.

Basi nikamfundisha. Wengine wote walipewa zamu, lakini yeye nilimfundisha.

Sindano ya mashine hii si kama ya hospitali. Ni ya kioo, na ncha yake ni nyembamba hata ukiikemea inapinda. Unaisafisha kwa asetoni mara tatu, na unamwaga kwenye karatasi, si hewani. Unavuta tone dogo kiasi cha kutoonekana vizuri kwa macho, unatazama kama kuna povu, ukiona povu unaanza upya. Halafu unaiingiza wima kwenye mdomo wa mpira, moja kwa moja hadi mwisho, unabonyeza mara moja, unaitoa upesi, na mkono wa pili unagusa kitufe cha kuanza papo hapo. Ukisitasita, tone linaingia kwa vipande na vilima vinanenepa. Wiki ya kwanza wasichana walipinda sindano mbili na mimi nikapiga kelele hadi mwalimu wa jirani akaja kuuliza nani ameungua. Msichana wa Takaba hakupinda hata moja. Alikuwa akishika pumzi, anadunga, kisha anaachia pumzi taratibu, na vilima vinakuja vitatu, vyembamba, kila kimoja mahali pake. Alinipa raha ambayo mwalimu hapati kila mwaka.

Usalama niliutilia mkazo kupita kiasi, wenzangu wakanicheka. Miwani usoni, glavu mkononi, chupa za spiriti na asetoni zifungwe mara tu zikishatumika, hakuna moto wa aina yoyote. Na kulikuwa na jambo jingine. Mashine kubwa za vyuo hupewa mtungi wa gesi safi wa kusukuma mvuke. Hii ya kwetu ilikuwa ya darasani, haikuwa na mtungi. Ilivuta hewa ya chumbani, hii hii tunayoivuta sisi. Chochote kilichomo hewani kinaingia ndani ya mashine na kinaonekana kwenye mstari.

Kwa hiyo nikaandika orodha, nikaibandika mlangoni, nikaitia sahihi. Hakuna manukato. Hakuna losheni yenye harufu. Hakuna rangi ya kucha, hakuna dawa ya kusafishia mikono, mlinzi asivute sigara dirishani. Niliiandika kwa Kiswahili na Kiingereza. Nilijiona mtu makini sana.

Uunsi sikuuandika. Asiyeujua uunsi ni huu: ubani uliopikwa na sukari na mafuta ya kunukia, unaovunjwa vipande na kuwekwa juu ya makaa kwenye dabqaad, chetezo chetu cha udongo. Nyumba yetu ya mtaa wa Iftin hufukizwa kila siku baada ya chakula. Shuka hufukizwa, nguo hufukizwa, nywele zilizooshwa hufukizwa. Mgeni akija, chumba hufukizwa kabla hajavua viatu, na asipofukiziwa atajua hakutarajiwa. Mimi nilizaliwa ndani ya moshi huo. Nilipoandika "manukato" nilifikiria vichupa vya dukani. Uunsi haukunijia hata kidogo, kwa sababu kwangu uunsi si harufu. Ni hali ya nyumba kuwa safi.

Na ishara niliziona. Asubuhi nyingi mstari ulikataa kutulia, ukapanda na kushuka, ukaja kunyooka saa nne. Nililaumu umeme. Nililaumu joto. Niliwahi hata kumlaumu fundi wa mradi kwa simu, kwa sauti ambayo sasa naionea aibu. Wala sikufikiria kwamba kila asubuhi nilikuwa nikiiinamia mashine nikiwa nimejifunga shela iliyolala ndani ya moshi.

Siku moja kabla ya wageni nilimwita mama anayesafisha maabara. Shule nzima tulimwita eedo, shangazi, ingawa hakuwa shangazi wa hata mmoja wetu. Nilimwambia kwa Kisomali, "Eedo, kesho wageni wakubwa. Chumba kisinuke spiriti." Basi. Hayo ndiyo maneno yangu yote. Mtu yeyote aliyelelewa upande huu wa mto anajua mwanamke akiambiwa maneno hayo atafanya nini. Na eedo hakujua kusoma, wala mimi sikuwahi kumsomea orodha ya mlangoni. Nilimpita kila siku mbele ya orodha hiyo, ndoo ikiwa mikononi mwake.

Wageni walifika saa tatu, mwanamume mwenye miwani na mwanamke aliyebeba kijitabu cha kuandikia. Eedo alisimama mlangoni na kanga yake mpya, akawakaribisha kwa Kiswahili chake: "Karibu, karibu wageni. Chumba iko safi, iko fizuri." Tukaingia. Niseme kweli: nilivuta pumzi nikafurahi. Chumba kilikuwa kizuri, nikahisi mambo yatakwenda sawa. Mgeni wa miwani alisimama kwenye orodha yangu, akaisoma yote, akauliza nani aliiandika. Nikasema ni mimi. Akasema hajaona shule nyingine iliyochukua usalama kwa uzito namna hii. Nikatabasamu kama bibi harusi.

Msichana aliwasha mashine. Akangoja taa ya kijani. Akavaa miwani, akavaa glavu, akasafisha sindano mara tatu. Mstari kwenye kompyuta ukaanza kupanda. Akanitazama. Nikampa ishara angoje. Mstari ukashuka kidogo, ukapanda tena, ukawa na matuta ambayo hayakuwa ya kitu chochote. Yule mwanamke alitazama saa yake akasema wana shule nyingine Ijara na barabara ni ndefu.

Hapo ndipo nilipogeuza kichwa nikakiona. Nyuma ya mlango, sakafuni, dabqaad. Makaa bado mekundu, moshi mwembamba unapanda ukutani. Hatua sita kutoka kwenye chupa ya asetoni.

Nilijua kila kitu mara moja. Nilijua mashine imeshiba uunsi tangu alfajiri na haitasafika chini ya saa kadhaa. Nilijua asubuhi zile zote zilikuwa nini. Nilijua pia la kusema, maana lilikuwa fupi: samahani, chumba kimefukizwa, kosa ni letu, tungojeni hadi alasiri au tutoe mashine nje barazani. Maneno yasiyozidi pumzi moja.

Nikaitazama ile orodha yenye sahihi yangu. Hakuna moto wa aina yoyote. Wageni walikuwa wameupa mlango mgongo. Nikarudi nyuma polepole, nikainama kana kwamba naokota kalamu, nikakisukuma chetezo kwa mguu hadi nje ya kizingiti, kikiwa kimefunikwa na ncha ya shela yangu. Nikarudi mahali pangu.

"Endelea," nikamwambia msichana.

Akashika pumzi, akadunga. Nimeitazama sindano ile ikiingia zaidi ya mara mia kichwani mwangu, na kila mara imeingia wima, hadi mwisho, kwa mara moja. Hakukosea kitu. Kwenye kompyuta kikatokea kilima kimoja kinene, kimezama ndani ya matuta, kingine kikaonekana nusu, cha tatu hakikuonekana kabisa.

"Mbona hivi?" mgeni aliuliza. Hakuuliza kwa ubaya.

Msichana alinitazama mimi. Alikuwa akingoja nieleze, kwa sababu muhula mzima nilikuwa nikieleza. Nikatazama kompyuta kama mtu anayefikiri.

"Labda ni mkono yangu," akasema hatimaye. "Nimeingiza sindano bolebole."

Mgeni akanigeukia. "Ndivyo, mwalimu?"

Nikasema, "Hutokea, wakiwa na woga."

Ndivyo nilivyosema. Sikusema ndiyo wala siyo. Nilichagua neno ambalo ningeweza kulikana baadaye, na huo ndio uhodari wetu sisi tuliosoma.

Kabla hawajaondoka walinipa uamuzi wao mlangoni, chini ya orodha yangu. Mashine ibaki shuleni, kwa kuwa mwalimu ameonyesha uangalifu wa kupigiwa mfano. Mwanafunzi ni mzuri lakini mkono bado, tutazame mwingine mwakani. Eedo alikuwa amesimama na ndoo yake akaniuliza, wamependa chumba? Nikamwambia wamependa sana. Alifurahi, akaniombea dua.

Jumamosi nilirudi maabara peke yangu. Nilikuwa nimekoga kwa sabuni ya kufulia na kuvaa gauni lililofuliwa na kuanikwa mbali na nyumba. Nilifungua madirisha yote, vumbi na liingie, nikaiacha mashine ivute hewa safi tangu asubuhi. Baada ya adhuhuri mstari ulinyooka. Nikachukua mchanganyiko ule ule wa msichana, kutoka chupa ile ile aliyoitayarisha yeye, nikadunga kwa mkono wangu mzito. Vilima vitatu. Safi, kila kimoja na wakati wake. Nikaupiga picha mchoro ule na simu, nikatafuta namba ya mgeni, nikaandika maelezo yote, uunsi, makaa, kila kitu. Nikayasoma mara mbili. Yalikuwa maelezo mazuri. Nikafikiria atakavyoyasoma akikumbuka alivyonisifu. Nikayafuta.

Nilijiambia nitayaandika vizuri zaidi Jumatatu. Jumatatu nilikuwa na mitihani ya kusahihisha. Mtu akitaka sababu hazikosi, zimejaa tele, bure kabisa.

Shule ilifungwa Alhamisi. Adeer alifika mapema, amevaa kanzu iliyopigwa pasi, akaomba kuniona. Nilimkuta langoni, msichana amesimama karibu naye na sanduku lake la bati. Wasichana wengine walikuwa wakipiga kelele za likizo. Nikatafuta pa kuanzia. Nilikuwa nimeazimia, wallahi, asubuhi ile nilikuwa nimeazimia, na nilifungua mdomo.

Msichana akanitangulia. Alimgeukia adeer yake akasema, kwa sauti ya mtu aliyejipanga usiku kucha, "Adeer, usimlaumu mwalimu. Alinifundisha kila kitu, na alinipa muda kuliko wote. Mkono ulioharibu ni wangu."

Mzee aliinamisha kichwa. Kisha akaweka mkono kifuani akanitazama kwa heshima ambayo sikuwahi kupewa na mtu wa umri wake.

"Mwalimu," akasema, "Mwenyezi Mungu akulipe kheri kwa ulivyomtendea mtoto wetu."

Nikaitikia, "Amin."