Mama Faili na Watu Mia Moja Themanini na Saba Waliokuwa Yeye

Mama mkubwa alifariki Jumatatu saa nne asubuhi, amekaa kwenye kiti chake, kikombe mkononi, akisubiri chai ipoe. Habari za kifo chake zilimfikia kwa simu yake mwenyewe. Alinipa nimsomee, maana jicho la kulia lilishaziba, na la kushoto lilikuwa linaona dunia kama mtu anayechungulia kupitia glasi ya maziwa isiyooshwa.

"Miadi yako ya upasuaji wa jicho, Alhamisi, imefutwa," nikasoma. "Sababu: mgonjwa amefariki. Poleni kwa msiba."

Akapiga funda moja. "Soma tena."

Nikasoma tena.

"Angalau wametoa pole," akasema. "Miaka ishirini na sita nipo hapa, hii ndiyo mara ya kwanza mtu kunipa pole."

Huyu ni dada mkubwa wa mama yangu, karani wa kumbukumbu za wagonjwa. Hospitali nzima inamwita Mama Faili, hata wale ambao jina lake halisi wanalo kwenye karatasi. Chumba chake kiko ghorofa ya kwanza: rafu za chuma mpaka darini, dirisha lililobanwa na kipande cha katoni lisigonge, na meza ambayo mguu wake mmoja umesimama juu ya madaftari ya mwaka ambao hakuna anayeuulizia tena. Macho yake yaliishia humo, ukurasa kwa ukurasa. Madaktari wa macho huja kwetu mara moja kila miezi mitatu, wanapasua kwa siku tatu, wanaondoka. Safari iliyopita walikuja yeye akiwa kalazwa na homa ya mapafu. Daktari alikuwa amemwambia waziwazi: la kushoto likiachwa sana litaziba kama mwenzake, na hapo hata mtoto wa jicho akitolewa, hawezi kumwahidi mengi. Kwa hiyo Alhamisi hiyo ilikuwa imezungushiwa duara kwenye kalenda ya nyumbani, na mume wake, fundi seremala mstaafu, alishaazima gari la jirani.

Sasa, kilichomuua.

Hospitali yetu ilikuwa na kompyuta tangu zamani, ila kompyuta zenyewe zilikuwa kama wake wenza: zinaishi nyumba moja na hazisemezani. Wodi inamwita mtu mgonjwa. Duka la dawa linamwita mteja. Maabara haimtambui kabisa, inaitambua chupa yake ya mkojo. Kliniki ya wajawazito inamwita mama, hata akiwa na miaka kumi na saba na analia anamtaka mama yake. Ndipo ukaja mradi wa kuzifundisha kompyuta maana, siyo herufi tu: kwamba mteja wa pale ndiye mgonjwa wa hapa, na ile chupa ni yake. Kila jambo linaandikwa kwa sentensi fupi ya vipande vitatu. Huyu, ana simu, namba hii. Huyu, ana mzio wa, dawa ile. Ukishazitandaza sentensi hizo zote, mashine inaziunga yenyewe na kuhitimisha ambayo hakuna binadamu aliyeyaandika. Mimi, ambaye diploma yangu niliiacha katikati kama chapati iliyogeuzwa upande mmoja, niliajiriwa humo kuingiza sentensi. Ndiyo, mama mkubwa ndiye aliyenisemea. Msiniangalie hivyo.

Ili mashine ijue nani ni nani, ilihitaji alama. Fundi wa mradi, kijana mpole anayeomba radhi hata kwa mlango, aliitisha kikao. Kikao kile kilianza saa mbili, na mpaka saa nane kilikuwa hakijazaa kitu. Mwishoni akauliza: "Namba moja ya simu ni ya mtu mmoja tu, au siyo? Tuifanye ndiyo kanuni?"

Watu walikuwa na njaa. Wauguzi wakaitikia. Mfamasia akaitikia huku amesimama. Mama Faili, aliyekuwa amefumba macho kuyapumzisha, akasema: "Ndiyo, mwanangu, andika twende tukale."

Na yeye, kati ya watu wote waliokuwa mle, ndiye aliyejua kwamba si kweli.

Maana fomu ya kusajili mgonjwa kwenye kompyuta ilikuwa haikubali kwenda mbele bila namba ya simu. Aje bibi kashika fimbo, aje mtoto kabebwa na msamaria, fomu inataka simu. Makarani wengine waliwarudisha watu nyumbani wakaazime namba. Mama mkubwa aliandika ya kwake. Majibu ya maabara yakitoka, yanaingia kwenye simu yake, naye anatuma mtu: mwambie yule wa karibu na kinu aje. Miaka sita alifanya hivyo, kimya kimya, wala hakuona kama ni jambo. Ukimuuliza angekwambia amejaza fomu.

Basi mashine ikahitimisha. Namba moja, mtu mmoja. Watu mia moja themanini na saba, pamoja na mwenyewe, wakawa kiumbe kimoja. Fundi alipotufungulia ukurasa wake Jumatatu ile, alikuwa anatokwa jasho.

"Umejifungua mara sitini na moja," akasema kwa adabu. "Una makundi yote manne ya damu. Una mimba ya miezi saba na... samahani mama... na tezi dume. Na umefariki mara tisa."

"Ndiyo maana mgongo unaniuma," akasema mama mkubwa.

Nilicheka mpaka nikainama. Yeye hakucheka. Aliuliza: "Na hao wengine? Na wao wamekufa?"

Fundi akaitikia kwa kichwa. Ndiyo, na wao. Kama wote ni mtu mmoja na mtu huyo amekufa, basi wote wamekufa, na miadi yao kila mahali ilikuwa inafutwa mmoja baada ya mwingine. Wenye mzio wa dawa moja sasa walikuwa na mzio wa kila kitu, na wasio na kisukari wanacho.

"Kanuni nimeshaiondoa," fundi akasema. "Kosa langu. Ila wodi, maabara, duka la dawa na kliniki walishachukua nakala. Kule inabidi tupeleke sentensi ya kila mtu peke yake: huyu siye yule. Wewe naweza kukutoa leo hii, mama. Nakupa namba mpya ya faili, unafufuka, Alhamisi unapasuliwa."

"Na wao?"

"Hapo ndipo pagumu. Kinachowaonyesha kwamba wamo kwenye fundo hili ni namba yako tu. Nikikutoa nayo, wanabaki wametawanyika kwenye mifumo minne, wafu, na hatuna pa kuwashikia. Wewe ungefaa kutoka wa mwisho."

Ni mtu mmoja tu aliyeweza kuwatenganisha. Kwenye madaftari ya karatasi, safu ya mwisho, mama mkubwa alikuwa ameandika mahali pa kumpata kila mmoja, kwa ufupisho wake mwenyewe ambao hata mchawi angeomba miwani. Kusubiri apasuliwe kwanza haikuwezekana: baada ya upasuaji ni wiki nne bila vumbi wala kuinama, na chumba kile ni vumbi lililowekewa rafu. Madaktari walitaka uthibitisho kabla ya Jumatano saa sita mchana, la sivyo nafasi inakwenda kwa mwingine.

"Leo Jumatatu," akasema. "Tukikaza tutawahi. Lete daftari la kwanza."

Tukakaza. Mimi nasoma, yeye kafumba macho na kuegemea ukuta, fundi anaandika.

"Mwanamke, miaka thelathini, vidonda vya tumbo. Umeandika 'mkz, ny ks'."

"Kwa mkunga mzee, nyuma ya kisima. Ana mwanya. Mwingine."

"Mwanamume, hajui umri. 'Sk, asg'."

"Sokoni, anayesaga. Huyo andika pia hasikii, muuguzi asimpigie kelele bure. Mwingine."

Ilichosha kwa namna ambayo sijui niieleze vipi. Si uchovu wa kubeba gunia, gunia unalitua. Kila mtu aliyetoka kwenye fundo alitaka sentensi kumi na tano, ishirini: damu yake, mzio wake, watoto wake halisi, na kisha huyu siye yule, huyu siye yule, mpaka maneno yanakosa ladha mdomoni. Jumanne jioni tulikuwa tumetoa themanini na mbili. Mama mkubwa alisimama, akagonga rafu kwa bega, akaiomba radhi rafu.

Jumanne hiyohiyo mganga mkuu alikuwa amepita. Alisimama mlangoni, hakuingia, suti haipendi vumbi. "Karani kuandika namba yake kwenye faili la mgonjwa ni uzembe," akasema.

"Ni kweli, daktari," akajibu mama mkubwa. "Ningewarudisha nyumbani. Faili lingekuwa safi sana, halina mtu."

Jumatano saa tano asubuhi tulikuwa tumebakiza tisini na mmoja, na hesabu hiyo haikuhitaji diploma, hata nusu. Ndipo baba mkubwa akatokea, shati limepigwa pasi mpaka kwenye kola, funguo za gari la jirani mkononi. Alikuwa ametumwa na kalenda yake mwenyewe.

"Umethibitisha?"

"Bado."

"Saa ngapi sasa?"

"Saa si unayo wewe mkononi, mume wangu. Mimi ndiye nisiyeona."

Hakutabasamu. Alivuta kiti kilichokuwa na madaftari, akayaweka chini moja moja, akaketi. "Hao watu," akasema, "kuna hata mmoja aliyewahi kuja nyumbani kukusalimia?"

"Hawajui kama nina nyumba. Wanajua nina simu."

"Kwa hiyo utapofuka kwa ajili ya watu ambao hawakujui."

"Sijasema nitapofuka. Nimesema nasubiri."

"Ulisubiri mara ya kwanza!" Sauti ilipanda, fundi akaanza kukagua waya ambao haukuwa na tatizo. "Mke wangu, mimi nina miaka sabini na moja. Nani atakuwa anamshika mwenzake mkono? Mwache huyu kijana akutoe. Kosa ni lao, waokote vipande vyao."

Mama mkubwa alipapasa rundo la madaftari, akaegemeza kiganja juu yake.

"Kuna mtoto mle," akasema. "Ana kifafa. Dawa zake zinatoka keshokutwa. Duka la dawa likifungua ukurasa wake watamkuta kafa, na mama yake hana mdomo wa kubishana na mfamasia. Atainama, atarudi nyumbani. Mimi nikifa, najua ofisi ya kwenda kugombana. Wao hawajui."

"Mtoe huyo mtoto. Kisha jitoe wewe."

"Huyo nilishamtoa jana, nimemtaja uone wako vipi. Sasa nashindwa kukumbuka kati ya hawa waliobaki ni nani mwingine yuko kama yeye. Nikisomewa nitakumbuka. Nisiposomewa sikumbuki."

Baba mkubwa alitazama saa yake. Sote tuliitazama, kasoro aliyehusika. Nilitaka kusema kitu cha kuchekesha. Ndiyo kazi yangu katika ukoo huu. Sikukipata. Ilipofika saa sita na dakika tano, alisimama, akatia funguo mfukoni.

"Narudisha gari," akasema. Mlangoni akageuka: "Nitakuletea chakula. Najua hujala."

"Usitie chumvi nyingi."

"Maiti haichagui chumvi," akasema, akashuka ngazi.

Tulimaliza Ijumaa saa tisa alasiri. Wa mwisho kabla yake alikuwa mzee mmoja ambaye kweli alikuwa amefariki, mwaka juzi, na mama mkubwa alitaka aandikwe kifo chake peke yake, na tarehe yake. "Asichangie kifo na watu," akasema. Wafu tisa tuliwatenga hivyo, kila mmoja na kifo chake. Kisha fundi akaandika sentensi ya kumtoa yeye mwenyewe, akabonyeza, tukasubiri duara lile la kompyuta lizunguke.

"Uko hai, mama," akasema. Machozi yalikuwa yanamlengalenga, kijana yule.

"Mpigie wa macho."

Nikapiga, nikaweka sauti ya juu. Dada wa mapokezi alikuwa na haraka. Madaktari walikuwa wanafunga mizigo. Nafasi iliyopo ni wiki ya kumi na tatu kuanzia sasa. Akauliza mgonjwa anaona kwa kiasi gani kwa sasa.

Mama mkubwa aliinua kiganja mbele ya uso wake, akakisogeza, akakirudisha. Sikuwa nimemwona akifanya hivyo kabla.

"Mwambie naona mwanga," akasema.

"Anaona mwanga," nikasema.

"Sawa. Aje mapema, tutaangalia kama bado linafaa. Nithibitishe?"

Alitikisa kichwa kukubali, kisha akakumbuka kwamba simu haina macho pia. "Thibitisha, mwanangu."

Tulifunga dirisha, tukafunga mlango. Kwenye ngazi alisimama. Miaka ishirini na sita ameshuka ngazi hizo na mafaili mpaka kidevuni, hajawahi kushika ukuta. Alinyoosha mkono, akanitafuta, akanikuta bega.

"Ziko ngapi?"

"Hujui? Za kwako hizi."

"Sijawahi kuzihesabu. Nisomee."

"Moja," nikasema. Akatanguliza mguu.

"Mbili."