Mrija wa Baba na Macho ya Daktari

Baba yangu alikuwa mtu wa reli pale Tura. Si dereva, msije mkamkuza bure. Kazi yake ilikuwa maji. Magarimoshi ya wakati ule yalikunywa kuliko kundi la ng'ombe, na maji ya kule ukiyachemsha sufuria inabaki na ukoko mweupe. Babu yangu naye alipita Tura zama za misafara, mzigo kichwani, na alikuwa akisema maji yale yalimng'oa meno mawili. Sijui. Babu alikuwa muongo kidogo.

Basi siku moja baba akaleta nyumbani kipande cha bomba alichokikata kwa msumeno. Kwa nje kilikuwa kinene kama mkono wa mtoto. Akaniambia nichungulie. Tundu lililobaki ndani lilitosha penseli tu. Kwingine kote ukoko, tabaka juu ya tabaka, kama ukuta unaopakwa chokaa kila sikukuu na hakuna anayekumbuka kuukwangua kwanza.

"Hayo ni maji ya miaka yangu yote hapa," baba akasema. "Na hakuna siku hata moja niliyoliona likiziba."

Kipande kile nilikaa nacho. Nilipooa na kuhamia Tabora, tukapanga chumba mtaa wa Cheyo, kipande kile kikawa kinazuia mlango usijifunge kwa upepo. Mke wangu alikuwa akikipiga teke kila asubuhi na kuniuliza kama ndio urithi wote.

Shule niliishia darasa la tatu, kwa hiyo kazi niliyopata ni machinjioni. Ilikuwa ile miaka ya Ujamaa, watu wanahamia vijiji vipya na kila mtu unamwita ndugu. Ng'ombe walitoka Nzega na Igunga wakitembea, wakifika wamechoka kuliko wachungaji wao. Mimi nilikuwa natoa maini. Mchinjaji wetu alikuwa mzee wa mjini, mtu wa swala tano, na alikuwa na desturi yake: kabla ng'ombe hajalazwa, humgeuzia juani, akavuta kope la chini kwa kidole gumba, akatazama. Weupe wa jicho ukiwa na manjano husema, "Huyu ini hana." Nami nikipasua nakuta hivyo hivyo.

Nakuta nini? Mirija ya nyongo imekuwa migumu, kisu kinakwaruza kama kimegonga changarawe. Ukiikata vinatoka vitu bapa, vya kahawia, kama majani ya mhina yaliyolowa. Na sisi tulisema ni majani. Msicheke. Ng'ombe wa mbugani anakula kwa pupa, tukasema, jani moja moja linapotea njia, badala ya kwenda tumboni linaingia kwenye ini. Bwana mifugo alituambia ni minyoo, akaamuru maini yale yatupwe shimoni. Tukaitikia ndiyo bwana. Akiondoka tunakata palipoharibika, panapobaki tunapika. Nimekula, sifichi.

Ndipo akaja daktari Mchina, mmoja wa wale waliokuja kusaidia hospitalini. Mwembamba, baiskeli yake inalia kama kifaranga. Alitaka maini yanayotupwa. Siku ya kwanza alimwamkia kila mtu shikamoo, hata mimi niliyekuwa mdogo kwake, nami nikaitikia marahaba kwa raha zangu mpaka mzee akanigeukia.

"Wewe, amekuzaa nani hata daktari akuamkie?"

"Kaamkia mwenyewe, mzee."

"Basi kesho atakuomba na mahari."

Wiki haikuisha akatuambia kilichomleta. Alisema wazi, kama mtu anayesema kwao ni wapi. Baba yake alikufa kwa uvimbe wa mirija ya nyongo, saratani. Kaka yake vilevile. Wote wawili walianza kwa macho ya manjano. Kwao huchukua samaki wa bwawani, wakamkata vipande vyembamba, wakamtia mbichi kwenye uji wa mchele. Yeye naye alikula tangu utotoni hadi aliposomea udaktari.

"Sasa nangoja," akasema. "Sijui kama mimi ni wa tatu."

Mzee akamwambia Mungu amwepushe, na kwamba hata hivyo haya ya ng'ombe ni majani.

Daktari hakubisha. Akaomba maji ya vuguvugu, akatia chumvi kidogo kwenye bakuli, akachukua jani moja kutoka kwenye ini la ng'ombe aliyechinjwa punde ile. Tukainama wote. Jani likajikunja. Likajinyoosha. Likanyanyua ncha moja kama linatafuta mtu.

Mzee akarudi nyuma hatua mbili, akasema astaghfirullah kwa sauti ndogo. Mimi nikafikiria sufuria yangu ya juzi.

"Nimewala hawa," nikamwambia. "Nitakufa?"

"Umewapika, wamekufa wao." Akaeleza kwamba huyu wa ng'ombe anatoka kwa konokono wa mbugani, anashika kwenye nyasi za majimaji, mtu humpata kwa kutafuna majani mabichi ya kule au kunywa yale maji, si kwa kula ini. Kama huyu naye huleta saratani hakujua. Wa kwao, wa samaki mbichi, alimjua. Ni mdogo, hazidi ganda la mpunga, anaishi ndani ya mtu miaka ishirini na zaidi bila kumuuma.

"Sasa kama haumi, anauaje?" Hilo lilinikera kweli.

Akasema mdudu anakwaruza, mwili unaziba kwa kovu. Anakwaruza tena, unaziba tena. Kila siku nyama inajijenga upya mahali palepale, na katika kujenga huko inakosea. Si kwa kila mtu. Kwa baadhi nyama inafika mahali haijui tena kuacha, inajenga tu, hata mdudu awe amekwisha kufa.

Kesho yake nikamletea bomba la Tura. Mlango wetu ukapigapiga siku nzima, mke wangu akanuna. Daktari akalishika kwa mikono miwili, akachungulia jua kupitia lile tundu, kwa muda mrefu.

"Baba yako alifanyaje?"

"Alilitoa akafunga jingine."

Akacheka kwa dhati, mpaka akafuta macho. "Fundi mzuri," akasema.

Tangu hapo akawa na ombi. Kioo kilikuwa kinamdanganya, alisema, au yeye ndiye anayekidanganya. Akamwomba mzee amtazame kama anavyomtazama ng'ombe. Mzee akakataa, binadamu hapimwi hivyo, na mkono wake ni wa kisu. Basi kazi ikawa yangu. Kila asubuhi daktari anaegemeza baiskeli, anageukia juani, nami navuta kope.

"Meupe, ndugu daktari."

"Asante." Kisha anaendelea na maini yake.

Tulifanya hivyo masika yote na kiangazi kikaingia. Ikawa kama salamu, hata nilikuwa namjibu kabla sijatazama vizuri. Hiyo ni aibu yangu.

Asubuhi moja nilianza kusema meupe, nikaliacha neno katikati. Nikavuta na jicho la pili. Mzee akaona nimechelewa kujibu, akaweka kisu chini, akasogea. Alivuta kope mwenyewe, kwa kidole gumba kilekile, polepole. Akamshika daktari bega.

"Mzee?" daktari akauliza.

"Pole, mwanangu."

Daktari akaitikia kwa kichwa kama mtu aliyepewa jibu la hesabu. Akanawa mikono, akafuta kidole kimoja kimoja. Akaniuliza kama anaweza kulichukua bomba la baba, nikasema chukua. Akalitia mfuko wa koti, baiskeli akaiacha ukutani, akashika barabara ya stesheni kwa miguu. Hakurudi.